Nani Anaandika Kwenye Terminali Yako? Kelele za Linux kwa Asiye na Root

Wiki chache zilizopita, binti mmoja aliyekuja fildi kwenye ofisi yetu hapa Chumbageni, Tanga, alinifuata mezani na laptopu mkononi. "Shikamoo kaka. Faili langu limeharibika." Alikuwa ameingia kwa ssh, njia ya kutumia kompyuta ya mbali kwa amri, kwenye seva ambako ana akaunti ya kawaida na hana sudo, yaani hana ruhusa ya kuazima mamlaka ya root, mtawala mkuu wa mfumo, anasafisha takwimu za samaki wanaoshushwa soko la Deep Sea. Katikati ya safu za changu na tasi, kioo kilikuwa kimemwagikiwa na maneno haya, na kila baada ya sekunde kumi yanamwagika tena:

`Message from syslogd@seva01`
`kernel:unregister_netdevice: waiting for lo to become free. Usage count = 1`

Alishahangaika nayo asubuhi nzima. Ameandika `clear`, yamerudi. Ameongeza `2>/dev/null` mwishoni mwa kila amri ili ujumbe wa makosa utupwe, yamerudi. Amesoma mahali kwamba dawa ni `mesg n`, akaiandika, ikapokelewa bila malalamiko yoyote, na yamerudi.

Kwanza nikamtoa hofu: faili ni zima. Maneno yale yamechorwa juu ya kioo tu. Vim, kihariri alichokuwa anatumia, haina habari nayo, kwa sababu hayakupitia kwake. Yameingia kwenye terminali kwa mlango mwingine. Ukibonyeza Ctrl+L, Vim inachora upya kile inachokijua yenyewe, na uchafu unafutika. Kwa `less`, programu ya kusomea faili, ni vivyo hivyo. Akabonyeza, changu na tasi wakarudi mahali pao, akashusha pumzi. Sekunde kumi baadaye yakamwagika tena.

Swali lake lilikuwa lile linaloulizwa na wengi: nizimeje hizi meseji? Kosa la swali hilo ni kudhani msemaji ni mmoja. Kaa kibarazani Ngamiani jioni, tuseme barabara ya kumi na mbili, usikilize. Jirani anapiga hodi mlangoni. Gari la matangazo linapita na spika zake juu. Redio yako mwenyewe inaunguruma sebuleni. Redio utaizima. Jirani utamfungia mlango, ukitaka lawama. Gari la matangazo huwezi kulizima hata ukikasirika vipi, maana kibali chake hakikutoka kwako. Terminali ni hivyo hivyo: asiye na root anamiliki mlango wake na redio yake, basi. Ndiyo maana amri ileile inamsaidia mtu mmoja na kumwangusha mwingine.

Kwa hiyo anza kwa kusoma kichwa cha ujumbe. Ukikuta `Message from`, kisha jina la mtumiaji mwenzako na terminali yake, huyo ni mtu, katumia programu ya `write`. `Broadcast message from` ni tangazo la wote: limetoka kwa `wall`, au kwa amri ya kuzima mashine, au kwa systemd, msimamizi wa huduma za mfumo. `Message from syslogd@` ni mtunza kumbukumbu za mfumo, mara nyingi rsyslog. Mstari unaoanza na namba ndani ya mabano ya mraba, mfano `[ 8123.441207]`, ni kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, inasema moja kwa moja bila mjumbe, namba hiyo ni sekunde tangu mashine iwake. Kisichokuwa na kichwa chochote, shuku programu uliyoiwasha mwenyewe.

Sasa tuutazame mlango. Kwenye Linux karibu kila kitu ni faili, na terminali yako nayo ni faili. Andika `tty` ulijue jina lake, tuseme `/dev/pts/3`, kisha `ls -l /dev/pts/3`. Mwanzoni mwa mstari utaona:

`crw--w----`

Herufi `c` inasema hiki ni kifaa, si faili la kuhifadhi maandishi. `rw` inayofuata ni yako wewe mwenye nyumba. Ile `w` ya katikati ni ya kundi linaloitwa `tty`: aliyemo kwenye kundi hilo anaruhusiwa kuandika kwenye kioo chako, kusoma hapana. Wengine wote hawana chao. Programu za `write` na `wall`, kwa miaka mingi na kwenye mifumo mingi, zimevishwa kofia ya kundi hilo, ndiyo maana mtumiaji wa kawaida akiziendesha zinaweza kukufikia japo yeye mwenyewe hayumo kwenye kundi.

Kazi ya `mesg n` ni kuifuta ile `w` moja. Hakuna kingine inachofanya. Kwa kuwa faili ni mali yako, huombi ruhusa kwa mtu. Angalia tena kwa `ls -l`, utakuta `crw-------`. Ukitaka kufungua, `mesg y`. Amri ya `who -T` inaonyesha alama ya kujumlisha kwa aliyefungua na ya kutoa kwa aliyefunga. Na kwa vile kila unapoingia unapewa mlango mwingine, amri hiyo uiweke kwenye faili lako la `~/.bashrc`, hivi:

`[ -t 0 ] && mesg n`

Kile kipande cha mbele kinauliza kama kweli kuna terminali. Ukikiacha, siku skripti itakapoingia bila terminali utapata kelele mpya, `mesg: ttyname failed`, na utakuwa umetibu kikohozi kwa kujiletea mafua.

Wapo wanaoona `mesg n` ni ubaridi kwa wenzao, kama kumfungia mgeni mlango. Mimi naifunga siku zote, na sababu yangu si kelele. Machi 2024 ilitangazwa hitilafu ya `wall` iliyopewa namba CVE-2024-28085. Programu hiyo ilikuwa inapitisha alama za siri za kuongoza kioo bila kuzichuja, na kosa hilo lilikuwemo tangu 2013. Mtumiaji wa kawaida kwenye seva hiyohiyo aliweza kufuta kioo chako, akachora ombi bandia la nenosiri la sudo, nawe ukaliandika ukidhani umeulizwa na mfumo. Matoleo ya Linux ya Ubuntu 22.04 na Debian 12 yaliguswa, kwa sababu kwao `wall` ilikuwa na kofia ya kundi la `tty` na milango ya watu ilikuwa wazi. Aliyekuwa ameandika `mesg n` hakufikiwa.

Lakini mwenye root hapigi hodi. Ruhusa za faili hazimzuii, iwe ni mtu aliyeingia kama root au programu inayoendeshwa kwa mamlaka hayo. Kwa binti wetu, mlango ulikuwa umefungwa barabara. Aliyeandika alikuwa na ufunguo wa mtaa mzima.

Hapa inabidi tuingie kwenye habari ya ngazi. Miaka ya 1980 Eric Allman, akitengeneza programu ya barua ya Sendmail, alitengeneza pia syslog, utaratibu wa kukusanya taarifa za mfumo mahali pamoja. Kila taarifa inapewa ngazi ya uzito, kuanzia 0 hadi 7. Saba ni porojo za mafundi wanaotafuta hitilafu. Sifuri ni dharura, `emerg`: mfumo hautumiki. Mwaka 2009 ngazi hizo zilichapishwa tena katika RFC 5424, moja ya hati za kanuni za intaneti, na hazijabadilika. Mtunza kumbukumbu anapanga: hizi ziende kwenye faili hili, zile kwenye faili lile. Za ngazi sifuri, kwa kawaida, zinapelekwa kwa kila mtu aliyeingia. La mgambo likilia kuna jambo, na `emerg` ndiyo la mgambo la Linux.

Kanuni yenyewe unaweza kuiona bila kuwa root, maana kusoma hakukatazwi:

`grep -r omusrmsg /etc/rsyslog.conf /etc/rsyslog.d/`

Ukikuta `*.emerg :omusrmsg:*`, hiyo nyota ya mwisho ndiyo wewe, mimi na kila aliyeingia. Upande wa systemd kuna mwenzake, `ForwardToWall`, ambaye bila kuguswa huwa amewashwa na naye hutangaza za ngazi ya `emerg`. Yote mawili yamo ndani ya `/etc`, na kuyabadilisha kunataka root. Kwenye Ubuntu rsyslog yenyewe huvua kofia ya root na kufanya kazi kama mtumiaji anayeitwa `syslog`, kwa hiyo huko `mesg n` inaweza kumzuia. Seva ya binti ilikuwa ya Linux ya ukoo mwingine, wa Red Hat, ambako rsyslog inabaki na kofia yake. Ndiyo maana ushauri alioupata haukuwa uongo. Ulikuwa wa nyumba nyingine.

Na ule ujumbe wenyewe? `lo` ni kifaa cha mtandao cha mashine kujisemesha yenyewe, na kila kontena la Docker au mfano wake, yaani chumba kilichotengwa cha kuendeshea programu, hupewa cha kwake. Kontena likizimwa, kerneli inataka kukivunja kifaa hicho, lakini ikikuta bado kuna kitu kimekishikilia inasubiri, na kila sekunde kumi inalalamika. Aliyeandika kipande hicho cha kerneli alikipa ngazi ya dharura. Kwa maoni yangu alizidisha. Mashine inaweza kulalamika hivyo siku nzima na kazi za watu zikaendelea. Si peke yake. Kuna ujumbe mwingine wa ngazi hiyohiyo unaotoka kerneli ikipata ishara ya vifaa isiyoielewa, nao unamalizikia `Dazed and confused, but trying to continue`. Nimeduwaa, nimechanganyikiwa, ila najaribu kuendelea. Fikiria kulipulizia la mgambo jambo hilo saa nane usiku.

Kama kinywa cha msemaji hukiwezi, je, unaweza kutoonekana? Kidogo. Mtangazaji anajuaje uko wapi? Kwa desturi anasoma daftari la walioingia, linaloitwa utmp, lilelile linalosomwa na amri ya `who`. (Baadhi ya mifumo mipya imeanza kuliacha, kwa sababu hesabu yake ya saa inagota mwaka 2038.) Terminali isiyomo daftarini haitangaziwi. Ukiwa mbele ya mashine yenyewe, `xterm -ut` inafungua dirisha lisiloandikwa. Ukiwa ndani ya `screen`, programu ya kufungua madirisha mengi ndani ya terminali moja, amri yake ya `login off` inaliondoa dirisha hilo daftarini.

Wengi hukimbilia `tmux`, mwenzake `screen`, wakidhani ni handaki. Si handaki. Dirisha lako la ndani linaweza kuwa halimo daftarini, lakini ule mlango wa nje uliofunguliwa na ssh umo, tangazo linaandikwa pale, na wewe unatazama kupitia palepale. Faida unayoipata ni kwamba `tmux` inakumbuka kioo kilivyokuwa: Ctrl+b kisha `r`, na kila kitu kinachorwa upya.

Njia iliyomsaidia binti ilikuwa ya kuondoka penye kelele. Ukiipa ssh amri moja kwa moja, bila kufungua kikao, seva haikutengei terminali kabisa:

`ssh seva01 'python3 safisha.py' > matokeo.txt`

Hakuna terminali, hakuna jina daftarini, hakuna pa kuandikia. Tangazo linapita mtaani na nyumba haipo. Kuhariri akahamishia kwenye laptopu yake: anachukua faili kwa `scp`, analihariri hapa Chumbageni kwa utulivu, analirudisha. Alinung'unika kidogo kwamba ni mzunguko. Ni mzunguko kweli, lakini siku ile alimaliza safu zote.

Kerneli inaposema bila mjumbe, hadithi inabadilika. Hapo maneno yanaenda kwenye konsoli: kioo cheusi kilichounganishwa na mashine yenyewe, pasipo madirisha. Rafiki yangu anayefundisha vijana kompyuta kule Makorora ana Raspberry Pi kadhaa, zile kompyuta ndogo za bei nafuu, na amewanyima vijana sudo baada ya mmoja kufuta folda asilolijua. Mashine zile zilikuwa zinaandika `Under-voltage detected!` katikati ya masomo. Vijana walijaribu kila walichokijua, wakakimbilia konsoli nyingine kwa Ctrl+Alt+F3, na maneno yakawafuata. Yanafuata kweli, maana kerneli huandika kwenye ile konsoli iliyo mbele ya macho.

Kipimo cha kelele hizo kimo kwenye `/proc/sys/kernel/printk`. Ukifungua kwa `cat` utaona namba nne. Ya kwanza ndiyo ngazi ya konsoli, na ujumbe wenye namba ndogo kuliko hiyo ndio unaochorwa. Kusoma ruksa. Kubadilisha, iwe kwa `dmesg -n 1` au `setterm --msg off`, kunataka mamlaka. Asiye nayo ana njia mbili: aingie kwa ssh kutoka mashine nyingine, au afanyie kazi kwenye dirisha la terminali ndani ya mazingira ya picha, maana huko kerneli haiandiki.

Ila ya Makorora haikuhitaji lolote kati ya hayo. Raspberry Pi hutoa onyo hilo umeme unaoifikia ukishuka chini ya volti 4.63 hivi, badala ya 5 inazozitaka. Walikuwa wanatumia chaja za simu zenye waya mwembamba mrefu. Rafiki yangu alinunua chaja nene tatu, na "meseji" zikakoma bila mtu kugusa amri.

Zinabaki redio za sebuleni, na hizi ni rahisi. Salamu ndefu na habari za mara ya mwisho kuingia huzimwa kwa `touch ~/.hushlogin`. Taarifa ya `You have new mail` inatolewa na bash, programu inayopokea amri unazoandika, na `unset MAILCHECK` inaikomesha. Ile `Done` inayojitokeza kazi ya nyuma ikimalizika haitakuja ukiiwasha kazi ndani ya mabano, `(programu &)`. Maonyo ya programu za madirisha, yale marefu yenye neno `Gtk-WARNING`, hupita kwenye mkondo wa makosa, na hapo ndipo `2>/dev/null` inapofaa. Mimi huandika `2>>makosa.txt` badala yake. Siku programu itakapokataa kuwaka nitataka kujua ilisema nini.

Angalizo moja, kwa kuwa liliniumbua mimi mwenyewe mbele ya watu. Nikiwa bado mwanafunzi niliona ni ujanja kuandika `exec 2>/dev/null`, nizime makosa yote mara moja. Sheli ikafa. (Nazungumzia sheli ya Linux, ndiyo hiyo bash, si ile ya kujazia mafuta pikipiki.) Kila nikibonyeza, kimya, hata herufi ninazoandika hazionekani. Nikazima mashine kwa kitufe. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba bash huchora kidokezo chake, pamoja na unachokiandika, kwenye mkondo uleule wa makosa. Haikuwa imekufa, ilikuwa inanisikia vizuri tu. Ningeandika `exec 2>/dev/tty` bila kuona, ingerudi.

Tukarudi kwa binti. Nilimwambia aandike kwa msimamizi wa seva, na aandike kama mtu aliyechunguza, asiseme tu "kuna meseji zinanisumbua". Akaweka ujumbe wenyewe neno kwa neno, saa ulipoanza, kwamba unajirudia kila sekunde kumi, toleo la kerneli kutoka `uname -r`, na kwamba `mesg n` haiuzuii. Aya tatu fupi, na shikamoo mwanzoni.

Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Msimamizi hakuwa na habari kabisa. Yeye huendesha amri zake kutoka kwenye kompyuta yake, hafungui kikao pale, kwa hiyo jina lake halimo kwenye lile daftari na tangazo halijawahi kumfikia. Alikuta kontena lililokwama tangu juzi yake, na akaamua kuwasha mashine upya usiku.

Saa tatu na nusu binti alikuwa nyumbani, ameingia tena sevani kuchukua faili la mwisho. Kioo kikakatwa kati na `Broadcast message from root@seva01`: mashine itawashwa upya saa nne kamili. Aliniletea picha ya kioo WhatsApp. Safari hii alikuwa amelisoma tangazo mpaka mwisho, akahifadhi, akatoka.